Kuta Tatu za Pwani Yetu: Habari za Bahari, Mawe na Mikoko kutoka Bagamoyo mpaka Mlingotini

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari za watu waliojenga makanisa, shule na nyumba za wagonjwa. Sisi twataka kuandika habari ya kitu kisichosifiwa sana, nacho ni ukingo wa bahari ambao juu yake vitu hivyo vyote vilijengwa. Maana mji wa pwani, hata ukiwa na majumba makubwa namna gani, umekaa juu ya mchanga, na mchanga hautulii mahali pamoja isipokuwa kuna kitu cha kuushika. Basi tutaeleza jinsi wazee wa pwani walivyoishi na bahari, jinsi dhoruba zilivyobomoa kazi za mikono ya watu, na jinsi ukingo uliovikwa mawe unavyotengenezwa baada ya kuvunjika.

Tangu mwanzo twaomba msomaji ashike neno moja. Pwani yetu ina kuta tatu. Ukuta wa kwanza ni mwamba wa matumbawe ulio majini, ambao juu yake wimbi kubwa huvunjika kabla ya kufika nchi kavu. Ukuta wa pili ni mikoko. Ukuta wa tatu ni mawe yaliyopangwa na watu. Huu wa tatu ndio unaoonekana upesi, ndio unaogharimu fedha, tena ndio dhaifu kuliko zote ukiachwa usimame peke yake.

Nchi na maji yake

Mtu akitoka Bagamoyo na kufuata pwani kuelekea kusini hupita Kaole, kisha Mbegani, ndipo hufika Mlingotini. Jina la kijiji hiki limebeba neno mlingoti, yaani mti ule unaosimama katika chombo na kushika tanga. Na kweli nchi hii ni nchi ya vyombo na wavuvi. Mbele yake kuna hori lililokingwa na ulimi mrefu wa mchanga. Nje ya ulimi ule bahari hupiga kwa nguvu, lakini ndani maji ni ya kina kidogo, na mawimbi yakifika yamekwisha kuchoka. Pembeni mwa hori imeota mikoko. Kwa ajili ya utulivu huo kina mama wa Mlingotini waliweza kupanda mwani, wakifunga mbegu katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Na mwani ni mmea usiostahimili maji yenye fujo.

Kila mtoto wa pwani ajua ya kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Ajua pia ya kuwa kuna siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana, na kuna siku za bamvua, wakati wa mwezi kuandama na wakati wa mwezi mpevu, ambapo maji hupanda mno na kushuka mno. Katika pwani hii tofauti ya maji ya bamvua, toka kupwa mpaka kujaa, hupita mita 3. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko kimo cha mtu, nayo ndiyo inayoamua kama dhoruba itadhuru au haitadhuru. Dhoruba ikija siku ya maji mafu, mawimbi huvunjika mbali na watu hulalamikia mvua tu. Lakini dhoruba iyo hiyo ikikutana na bamvua, maji yakiwa yamejaa, wimbi hupanda juu ya ukingo, hupita nyuma ya ukuta na kuingia visimani. Bamvua kubwa kabisa huja karibu na miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Na Machi na Aprili ni miezi ya masika. Kwa hiyo maji ya mbinguni, maji ya mito na maji ya bahari huweza kukutana mahali pamoja kwa siku moja.

Magofu ya Kaole

Mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo pana magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Msikiti wa kale zaidi huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Neville Chittick, mchunguzi wa mambo ya kale, alichimbua mahali hapa mwaka wa 1958, na tangu hapo magofu yametunzwa yaonekane na watu wote.

Watu wengi waendao Kaole huuliza swali moja: bandari ilikuwa wapi? Maana leo mtu akisimama penye misikiti ile haoni bahari wazi, bali aona mikoko. Jibu ni kwamba mikoko yenyewe ndiyo iliyoifunga bandari. Tope lilijikusanya, miti ikaota, vyombo vikakosa njia ya kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Kwa mfanya biashara jambo hilo lilikuwa hasara. Lakini kwa mtu anayechunguza kuta za pwani, Kaole ni fundisho kubwa. Mawe ya Kaole yameanguka kwa kuzeeka, kwa mvua na kwa mizizi ya miti. Lakini bahari haikuyala. Karne nyingi zimepita, na nchi mahali hapo imesogea kuelekea baharini.

Ni kwa sababu gani? Mkoko una mizizi mingi iliyopinda kama magoti, nao mchu hutoa vijiti vingi vinavyochomoza katika tope. Wimbi liingiapo kati ya mizizi hiyo hupoteza nguvu zake kidogo kidogo. Maji yakiwa hayana nguvu hayawezi tena kubeba tope, basi tope hutua. Kwa njia hii msitu wa mikoko huivunja nguvu bahari na tena huongeza udongo. Hakuna fundi mwashi ajuaye kujenga ukuta unaokua wenyewe kila mwaka.

Dhoruba ya mwaka wa 1872

Tufani kubwa za Bahari ya Hindi haziji mara nyingi katika nchi yetu. Tufani huzunguka kama pia, na mzunguko wake hutokana na mzunguko wa dunia yenyewe. Karibu na ikweta nguvu ile ya kuzungusha ni ndogo mno. Bagamoyo ipo kwenye digrii 6 na nusu hivi kusini ya ikweta, na kwa hiyo tufani nyingi hupita mbali, zikielekea Madagaska na Msumbiji. Ndiyo sababu watu wetu hujiona salama. Lakini neno "mara chache" si sawa na neno "kamwe".

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja na pwani inayoikabili. Sayyid Barghash alikuwa bado hajatimiza miaka miwili katika utawala wake. Merikebu zake zilizokuwa bandarini ziliharibika, pamoja na vyombo vingi vya wafanya biashara. Na mashamba ya karafuu ya Unguja yaling'olewa hata sehemu kubwa ya mali ya kisiwa ikapotea katika siku moja. Pemba haikupatwa na maafa kama yale, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi kuu ya karafuu. Hivyo upepo wa siku moja uligeuza biashara ya visiwa viwili kwa muda wa vizazi.

Huku Bagamoyo misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilikuwa na umri wa miaka minne. Ilianzishwa mwaka wa 1868, chini ya Padre Antoine Horner, na ndani yake walikaa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Majengo mengi ya siku zile yalikuwa mepesi, nayo tufani iliyaangusha. Watu wale, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa wazazi, kabila na nchi, wakaona na makao yao mapya yamelala chini. Wakaanza tena. Katika miaka iliyofuata misheni ilijenga kwa mawe, na baadhi ya majengo hayo yangali yanasimama mpaka leo.

Baada ya 1872 watu wa pwani walikaa miaka 80 kabla ya kusikia habari ya namna ile. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1952 tufani iliipiga Lindi, ikaua watu na kubomoa nyumba. Kisha ikapita miaka 72, ndipo mwanzo wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ikafika karibu na Mafia, ikaleta upepo na mvua kubwa wakati nchi ilikuwa tayari imelowa kwa masika.

Twaomba walimu waziangalie hesabu hizi. Miaka 80, kisha miaka 72. Hiyo ni zaidi ya umri wa watu wengi. Mtu aliyeona tufani akiwa kijana hufa kabla ya kuja nyingine, na mjukuu wake hujenga nyumba mahali pale pale ambapo babu aliona maji yakipita. Bahari hurudi wakati watu wamekwisha kusahau. Kwa hiyo habari za dhoruba hazifai kuachwa katika vinywa vya wazee peke yao, sharti ziandikwe.

Chokaa, kuni na matumbawe

Sasa tuseme habari za mawe. Wajenzi wa pwani tangu zamani walitumia mawe ya namna mbili. Jiwe la kwanza ni lile gumu lenye matundu, linalochimbwa katika nchi kavu, ambalo hapo kale lilikuwa mwamba wa baharini. Jiwe la pili ni tumbawe laini lililokatwa majini likiwa bado bichi. Hilo lilichongwa upesi kabla ya kukauka, na kutumiwa penye kazi ya urembo, kama katika mihirabu na miimo ya milango.

Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, na chokaa nayo ilitoka katika matumbawe. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto. Yalipokwisha kuiva yalinyunyiziwa maji au kuachwa yapigwe na mvua, hata yakageuka unga mweupe. Na chokaa iliyokaa muda mrefu ndiyo iliyosifiwa. Chokaa ya namna hii hukauka na kuwa ngumu kwa kupata hewa. Ikiwekwa mahali panapofunikwa na maji kila siku, haipati nafasi ya kushika, bali huoshwa ikaenda zake. Jambo hili ni la maana kwa kila mtu atakaye kutengeneza ukuta wa bahari: mahali pa chini, ambapo maji hufika daima, uzito wa jiwe na upangaji wake ndivyo vinavyoshika, wala si chokaa.

Lakini katika kazi hiyo njema ilikuwamo hasara iliyofichika. Tanuri la chokaa lilitaka kuni nyingi, na katika pwani kuni zilizo karibu ni za mikoko. Nyumba zilitaka boriti za dari, nazo zilikuwa za mikoko. Tena boriti zilipakiwa katika majahazi zikapelekwa Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti. Na matumbawe yalivunjwa majini yakachomwa. Basi mtu alibomoa ukuta wa kwanza na ukuta wa pili ili ajenge wa tatu. Watu wa kale walikuwa wachache, na bahari iliweza kuvumilia. Miji ilipokua, na baadaye watu wengine walipovua samaki kwa baruti na kuyapasua matumbawe, uvumilivu ule ukaisha.

Jinsi ukuta unavyokufa

Wengi hudhani ya kuwa wimbi huuvunja ukuta kwa kuupiga kifuani. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi ukuta hufa mguuni au mgongoni.

Tuanze na mguu. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima, nguvu yake haimaliziki, bali hurudi nyuma na kushuka chini, ikichimba mchanga ulio mbele ya ukuta. Siku za kawaida mchanga hurudishwa. Lakini katika dhoruba huchukuliwa mwingi kuliko urudishwao. Msingi uliokuwa umefunikwa huonekana, kisha huning'inia, kisha jiwe la kwanza hutoka. Jiwe moja likitoka, la pili hukosa pa kuegemea.

Tuje mgongoni. Maji yaliyoruka juu ya ukuta, pamoja na mvua, hulowesha udongo wa nyuma. Bahari ikipwa upesi, maji yale hubaki nyuma ya ukuta yakiusukuma kwenda mbele. Kama hakuna matundu ya kuyatolea, ukuta huvimba na kupasuka. Na kama matundu yapo lakini hayana kichujio, maji hutoka pamoja na mchanga. Nyuma hubaki pango ambalo halionekani kwa macho mpaka siku njia ya juu itakapotitia.

Tena kuna kufa kwa tatu, nako ni kwenye ncha. Mahali ukuta unapokoma, bahari hulizunguka lile jiwe la mwisho na kuila nchi laini iliyo jirani. Kwa hiyo mtu aliyejenga ukuta mbele ya uwanja wake huweza kumpelekea jirani msiba aliokuwa akijikinga nao mwenyewe.

Jinsi unavyotengenezwa

Fundi mwenye akili hatangulii kuweka jiwe. Kwanza huchunguza ukuta umekufa kwa ugonjwa gani, maana dawa ya mguu siyo dawa ya mgongo. Kisha huchagua siku. Kazi ya chini ya ukuta hufanywa siku za bamvua, kwa sababu maji yaliyopanda mno ndiyo pia yanayoshuka mno, na kwa saa chache mguu wa ukuta huwa mkavu. Saa hizo zikipita, kazi huachwa mpaka maji mengine.

Mawe yaliyoanguka hukusanywa na kutengwa, makubwa mbali na madogo. Hayatupwi, maana ndiyo mawe yaliyozoea mahali pale. Kisha huchimbwa mfereji mbele ya ukingo, chini zaidi ya pale wimbi lilipochimba, hata kufika penye udongo mgumu au mwamba. Katika mfereji huo huwekwa mawe makubwa kupita yote, kila moja likilazwa na urefu wake kuelekea ndani, lipate kushikwa na uzito wa yale yaliyo juu yake. Huo ndio mguu, na mtu akibana fedha hapa amezitupa zote.

Baada ya mguu, ukingo hulazwa mteremko, wala hausimamishwi kama ukuta wa nyumba. Juu ya udongo huwekwa kichujio: zamani kilikuwa changarawe peke yake, siku hizi hutandikwa kwanza kitambaa kigumu kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe ya kadiri, na juu kabisa mawe mazito. Mawe haya ya nje hayaunganishwi yote kwa saruji. Nafasi zilizo kati yake zina kazi: wimbi huingia humo, hugawanyika na kuchoka, kama lifanyavyo katika mizizi ya mikoko. Tena ukingo wa mawe yaliyopangwa huru ukititia kidogo, mawe husogea na kukaa upya. Lakini ukuta wa saruji ukititia hupasuka. Mwisho, ncha za ukuta hupindwa kuingia ndani ya nchi, bahari isipate njia ya kuzunguka.

Penye magofu ya kale pana sharti moja zaidi. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Hufungia chumvi na maji ndani, na baada ya miaka michache jiwe huoza pembeni, saruji ikabaki imesimama peke yake kama ganda.

Kilwa na Dar es Salaam

Mambo haya yaliyosemwa yamejaribiwa katika nchi yetu. Huko Kilwa Kisiwani, kusini, limesimama Gereza kando ya bahari. Mahali hapo Wareno walijenga ngome mwaka wa 1505, wakaiacha mwaka wa 1512. Na Waarabu wa Omani wakajenga tena baadaye juu ya masalio yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 1981. Lakini bahari haisomi orodha. Mawimbi yalikula ukingo chini ya kuta, sehemu zikaanguka, na mwaka wa 2004 magofu yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ikafanyika kazi ya miaka kumi. Kuta zilitengenezwa kwa mawe na chokaa, wenyeji wakajifunza uashi ule wa kale, ukingo ukakingwa, na mikoko ikapandwa mbele yake. Mwaka wa 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha ya hatari. Angalieni ya kuwa mawe na mikoko vilikwenda pamoja; hakuna aliyesema kimoja chatosha.

Dar es Salaam nako bahari ilikula ukingo kando ya barabara iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Ocean Road, hata njia yenyewe ikawa hatarini. Kwa fedha za mfuko wa kimataifa wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kuta mpya zilijengwa hapo na upande wa Kigamboni, zikamalizika kufikia mwaka wa 2018. Pangani nako kulijengwa ukuta. Na kazi hiyo haikuwa ya mawe tu, bali mikoko ilipandwa na matumbawe yakashughulikiwa.

Kunduchi, kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, ilitoa fundisho la uchungu. Huko bahari ilikula pwani hata ikaangusha majengo, na miongoni mwa yaliyopotea ilikuwa hoteli kubwa iliyoitwa Africana. Watu walipiga kuta za mawe kuingia baharini ili kuushika mchanga. Lakini mchanga wa pwani hushuka na mito, nao katika vijito vya upande ule ulikuwa ukichimbwa na kupakiwa katika magari kwa ajili ya ujenzi wa mji. Pwani isiyoletewa mchanga mpya ni kama ghala lisiloletewa nafaka: kila siku huchukuliwa, wala halijazwi.

Mlingotini na wajibu wetu

Turudi Mlingotini. Kijiji hiki hakikuwekewa ngome ya Wareno, wala hakina barabara kuu ukingoni. Kinga yake ya kwanza ni ulimi wa mchanga, mikoko na maji ya kina kidogo, yaani vitu ambavyo hakuna aliyevilipia hata senti moja. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuvidharau. Mtu akikata miti michache ya kuchomea chokaa au kukaushia samaki haoni tofauti kesho yake. Mwingine akichota mchanga wa kujengea, naye haoni tofauti. Tofauti huonekana siku ya bamvua na dhoruba, na siku hiyo haiwezekani kupanda mkoko ukue kwa usiku mmoja. Hapo kijiji hulazimika kuomba ukuta wa mawe; na ukuta wa mawe hupimwa kwa mamilioni, hutengenezwa tena na tena, wala hauzai samaki, kaa wala kamba.

Hatusemi ya kuwa mawe hayafai. Mahali ambapo mikoko haioti, au ambapo nyumba, kisima au makaburi ya wazee tayari yako ukingoni, mawe ni ya lazima, na yafaa yapangwe kwa ufundi tuliokwisha kueleza. Lakini methali ya wahenga isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, sisi watu wa pwani yatupasa kuisikia kama ilivyo, neno kwa neno. Ufa wa pwani ni mkoko uliokatwa. Ufa ni jiwe moja lililotoka mguuni likaachwa mpaka masika mengine. Ufa ni kisima kilichoanza kuwa na chumvi, na watu wakahama kisima bila kuuliza chumvi imetoka wapi.

Sheria nayo imesema. Mikoko ya bara ni msitu wa hifadhi tangu zamani za Waingereza. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 imekataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira katika mita 60 toka ufukoni. Lakini sheria hukaa mjini, na mawimbi hukaa kwetu. Anayeona jiwe la kwanza likitoka ni mvuvi, au mama aendaye kwenye mwani, au mtoto anayetafuta chaza.

Kwa hiyo twawaomba walimu na viongozi wa mitaa ya Kanisa jambo jepesi. Mara mbili kwa mwaka, katika bamvua ya Machi na ile ya Septemba, wawachukue watoto wakubwa mpaka ukingoni wakati maji yamepwa. Wapime kwa hatua toka mti au jiwe lisilosogea mpaka mahali majani yanapokoma. Watazame mguu wa kila ukuta, wahesabu miche ya mikoko iliyoota, waonje maji ya visima vya karibu. Kisha waandike tarehe na hesabu katika daftari la shule, chini ya hesabu za mwaka uliopita, na nakala ikae parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa, ambavyo havitupwi. Mwaka wa kwanza kazi hiyo itaonekana kama mchezo. Baada ya miaka kumi itakuwa ushahidi ambao mhandisi atauliza kabla ya kuweka jiwe lake la kwanza. Na siku itakapokuja dhoruba nyingine, kama ile ya 1872, walio hai watajua ukingo ulikuwa wapi, nao watajua waanze kutengeneza mahali gani.